Thomas Edison na miaka ya kutafuta betri ya gari

Jina la Thomas Edison hutajwa mara nyingi taa ya umeme inapozungumziwa. Watoto wa shule wanalijua, na redioni limeshasikika sana. Kinachosimuliwa mara chache ni kwamba mtu huyohuyo, akiwa tayari na sifa duniani kote, alitumia takribani miaka 10 kutafuta betri ya kuchaji itakayoendesha gari bila kumsumbua mwenyewe.

Tumeamua kuyaeleza maisha yake kwa upande huo. Pikipiki za umeme zinapita Kigali, Nairobi na Dar es Salaam, magari nayo yanafuata, na anayetaka kununua huuliza kwanza kile walichouliza wanunuzi wa zama za Edison: betri itadumu muda gani, na nifanye nini isife mapema?

Edison alizaliwa Februari 11, 1847, katika mji mdogo wa Milan, jimbo la Ohio nchini Marekani. Alikuwa mtoto wa mwisho katika familia ya watoto saba. Darasani alikaa miezi michache tu. Mama yake, Nancy, aliyewahi kuwa mwalimu, ndiye aliyemfundisha nyumbani. Alipofika miaka 12 alikuwa akiuza magazeti na peremende ndani ya treni iliyokwenda Detroit. Usikivu wake ulianza kupungua tangu utotoni, na alipokuwa mtu mzima alisikia kwa shida sana.

Mwaka 1862 alimwokoa mtoto mdogo wa mkuu wa kituo cha treni asigongwe na behewa. Kwa shukrani, baba wa mtoto alimfundisha kazi ya telegrafu, yaani kutuma ujumbe kwa mapigo ya umeme kupitia waya. Hapo ndipo alipozoeana na betri, kwa sababu telegrafu ya siku hizo iliendeshwa kwa betri za asidi zilizopangwa ofisini. Mwaka 1867, akiwa zamu ya usiku mjini Louisville, alikuwa akifanya majaribio yake ya pembeni akamwaga asidi. Ilipenya sakafu ikadondokea chumba cha bosi chini yake. Kesho yake hakuwa na kazi.

Yaliyofuata yanajulikana, tutayapita haraka. Mwaka 1876 alifungua karakana ya utafiti huko Menlo Park, New Jersey. Mwaka 1877 akatoa mashine ya kurekodi sauti, mwaka 1879 taa iliyowaka kwa saa nyingi, na mwaka 1882 kituo cha umeme katika mtaa wa Pearl, New York. Wengine walikuwa wakitengeneza taa wakati huohuo, akiwemo Mwingereza Joseph Swan, na si haki kumpa Edison peke yake sifa hiyo. Miaka ya 1890 aliweka fedha zake nyingi kwenye mradi wa kusaga mawe na kuchuja chuma kwa sumaku. Mradi ulikufa kwa sababu chuma cha bei nafuu kilipatikana kwingine. Kwa hiyo mtu aliyeanza kutafuta betri ya gari mwaka 1899 alikuwa na miaka 52, na alikuwa ametoka kupata hasara kubwa.

Kazi ya kulitunza gari la umeme mwaka 1900

Kwa wengi gari la umeme ni kitu kipya, lakini mwaka 1900 zaidi ya theluthi moja ya magari yaliyotengenezwa Marekani yalikuwa ya umeme. Mengine yalitumia mvuke, na ya petroli yalikuwa machache zaidi. Gari la petroli lilipiga kelele, lilinuka, na ili liwake ilibidi mtu azungushe hendeli kwa nguvu mbele ya injini. Hendeli ikirudi ghafla ilivunja mkono. Gari la umeme liliwaka kimya, mtu alikaa na kuondoka.

Tatizo lilikuwa betri. Iliyotumika ilikuwa ya risasi na asidi, aina iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ni jamaa wa karibu wa betri iliyo kwenye lori na trekta, na ya zile ambazo nyumba nyingi zimefunga kwenye umeme wa jua. Risasi ni nzito. Mabamba yake yalitikiswa barabarani, unga wake ukabanduka kidogokidogo na kujikusanya chini ya betri kama matope. Matope yakipanda hadi kugusa mabamba, umeme huvujia humohumo ndani na betri haikai na chaji. Ilibidi fundi aifungue, aioshe na kuipanga upya.

Kulikuwa na adui mwingine, na huyu bado anaua betri za sola vijijini leo. Betri ya risasi ikiachwa bila chaji kwa siku nyingi, mabamba hushika chumvi nyeupe ngumu. Mwanzoni chumvi hiyo huondoka kwa kuchaji. Ikikaa sana haiondoki tena, na betri iliyouzwa ikiwa na nguvu ya kuwasha taa usiku kucha inakuwa ya saa mbili. Mara nyingi tunasikia kwamba betri ilikuwa feki. Pengine ni kweli, lakini nyingi zimeuliwa na kuachwa tupu wakati wa mvua ndefu.

Mwenye gari la umeme mjini New York mwaka 1900 kwa hiyo alikuwa na ratiba. Gari likitoka safari lichajiwe usiku huohuo. Kila baada ya muda vifuniko vifunguliwe, maji yaangaliwe, na yakipungua yaongezwe maji safi yasiyo na chumvi wala madini, kamwe si ya kisima. Uzito wa asidi upimwe kwa kipimo cha kioo. Vichwa vya betri vifutwe kutu na nyaya zikazwe. Mota nayo ilikuwa na brashi za kaboni zilizolika, na beringi zilizohitaji grisi. Matajiri hawakufanya kazi hii wenyewe; walilipa gereji kila mwezi, gari likalala huko na kurudishwa asubuhi limechajiwa. Kampuni ya teksi za umeme ya New York ilikwenda mbali zaidi: teksi iliingia kituoni, betri yake nzito ikatolewa kwa mitambo, ikawekwa iliyojaa, teksi ikatoka. Dereva wa bodaboda anayebadilisha betri kituoni leo anafanya jambo lenye umri wa zaidi ya miaka 120.

Edison aliutazama utaratibu huu wote akaona kwamba gari la namna hiyo halitafika kwa mkulima wala daktari wa kijijini. Alitaka betri nyepesi, isiyokula mabamba yake yenyewe, na inayovumilia mmiliki mzembe.

Betri iliyorudishwa

Wazo lake lilikuwa kuachana na asidi. Badala ya risasi alitumia chuma upande mmoja na nikeli upande wa pili, na badala ya asidi alitumia maji ya potashi kali, ambayo hayali chuma. Chombo chenyewe kilikuwa cha chuma badala ya mpira mgumu au kioo. Hakuwa peke yake. Waldemar Jungner wa Sweden alikuwa amefikia betri za nikeli wakati uleule, na wawili hao walivutana kuhusu hataza.

Kampuni ya betri ya Edison iliundwa mwaka 1901. Alikuwa mtu wa kutangaza kabla kitu hakijaiva, na magazeti yalijaa ahadi zake kuhusu betri itakayodumu kuliko gari lenyewe. Betri za kwanza ziliingia sokoni mwaka 1903. Wanunuzi walizipenda, halafu malalamiko yakaanza. Maungio ya makopo yalivuja. Kibaya zaidi, betri nyingine zilipoteza nguvu bila dalili yoyote kwa nje. Ndani yake unga wa nikeli ulichanganywa na vipande vya makaa ya grafiti ili umeme upite, na kadiri betri ilivyochajiwa na kutumika, grafiti ilishindwa kazi.

Mwishoni mwa 1904 Edison alisimamisha uzalishaji na kuzipokea zilizoharibika. Kiwanda kilikuwepo, wateja walikuwepo, na angeweza kuendelea kuuza huku akiahidi marekebisho. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kila kopo. Kwetu, hili lina uzito kuliko taa. Taa ilimletea sifa, lakini betri mbovu ilimlazimisha kuchagua kati ya mauzo ya mwaka ule na kuaminiwa kwa miaka iliyofuata, na uamuzi huo aliulipia kutoka mfukoni mwake.

Miaka mitano hivi iliyofuata ilikuwa ya majaribio ya kuchosha. Betri ziliwekwa kwenye mashine iliyoziinua na kuzibwaga tena na tena kuigiza barabara mbovu. Magari yalipelekwa kwenye njia za mashimo za New Jersey hadi yakachakaa. Suluhisho la grafiti lilikuwa vipande vya nikeli vyembamba kuliko karatasi, vilivyopatikana kwa kupaka tabaka za nikeli na shaba kwa zamu, nyingi sana, kisha kuyeyusha shaba ikabaki nikeli tupu. Vipande hivyo vilishindiliwa pamoja na unga ndani ya mirija ya chuma yenye matundu. Maungio ya makopo yakawa ya kuchomelea. Kwenye maji ya potashi aliongeza lithiamu kidogo, na uwezo wa betri ukapanda. Ndiyo, lithiamu ileile inayotajwa kwenye betri ya simu yako, ingawa kwake ilikuwa kiungo cha kusaidia tu.

Betri mpya ilikuwa tayari kati ya 1909 na 1910. Safari hii ilikuwa kweli ngumu kufa. Iliweza kuachwa tupu bila kuharibika, jambo ambalo betri ya risasi haikubali. Ilistahimili kuchajiwa kupita kiasi, na nyingi zilifanya kazi kwa miongo kadhaa.

Hata hivyo haikuwa betri ya kusahau. Wakati wa kuchaji ilipoteza maji kwa wingi, hivyo ilidai maji safi mara kwa mara, na mabamba yakiachwa wazi juu ya maji yaliharibika. Baada ya miaka kadhaa ya kazi maji ya potashi yalichoka, ikabidi yamwagwe na kuwekwa mapya. Makopo ya chuma yalitakiwa kuwa makavu na safi kwa nje, kwa sababu uchafu wenye unyevu kati ya kopo na kopo ulivujisha umeme na kutoboa chuma. Na palikuwa na katazo moja kubwa: asidi isiguse betri hii. Tone la asidi lililobaki kwenye faneli au kipimo kilichotumika kwa betri ya risasi lilitosha kuleta madhara, kwa hiyo gereji yenye aina zote mbili ilihitaji vyombo viwili tofauti. Kwa hiyo alipunguza kazi ya matunzo sana, lakini hakuifuta.

Petroli yashinda

Kufikia hapo soko lilikuwa limegeuka. Mwaka 1901 mafuta mengi yaligunduliwa Texas na petroli ikashuka bei. Mwaka 1908 Henry Ford alitoa gari lake la Model T, na bei yake ilizidi kushuka mwaka hadi mwaka. Mwaka 1912 magari ya Cadillac yaliuzwa yakiwa na staata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, na hendeli iliyovunja mikono ikaanza kutoweka. Staata hiyo ilihitaji betri ya kutoa nguvu nyingi kwa ghafla hata kwenye baridi kali. Betri ya Edison haikuweza hilo vizuri, ya risasi iliweza. Ndiyo sababu hadi leo chini ya boneti ya gari la petroli utakuta risasi na asidi.

Ford na Edison walikuwa marafiki wakubwa. Walikutana mwaka 1896, Ford akiwa mhandisi wa kampuni ya umeme ya Detroit iliyobeba jina la Edison, na Edison ndiye aliyemtia moyo aendelee na injini yake ya petroli. Mwaka 1914 wawili hao walizungumzia kutengeneza pamoja gari la umeme la bei ya chini. Halikufika sokoni. Lakini mke wa Ford, Clara, aliendesha gari la umeme la Detroit Electric, nyumbani kwa mtu aliyeijaza dunia magari ya petroli.

Betri yenyewe haikufa na gari. Ilipata kazi kwenye malori ya kusambaza bidhaa mijini, kwenye ishara za reli, taa za mabehewa, na taa za kichwani za wachimba migodi. Iliingia pia kwenye nyambizi, na huko ilileta msiba. Januari 1916, nyambizi E-2 ya jeshi la majini la Marekani ilikuwa bandarini New York ikijaribiwa betri za Edison. Gesi ya haidrojeni iliyotoka kwenye betri ilijikusanya ndani, ikalipuka, na watu wakafa. Haidrojeni hutoka pia kwenye betri za risasi za maji zinapochajiwa. Haina rangi wala harufu. Chumba cha betri za sola kiwe na tundu la hewa juu karibu na dari, maana gesi hii hupanda, na asiingie mtu na sigara wala koroboi.

Yaliyobaki kwa mwenye gari la leo

Gari la umeme la sasa lina betri za lithiamu zilizofungwa. Hakuna maji ya kuongeza, na usizifungue: nyaya za rangi ya machungwa zina umeme wa kuua, ni za fundi aliyefundishwa. Injini haipo, kwa hiyo hakuna oili ya injini wala plagi. Muuzaji akikwambia kwa sababu hiyo gari halihitaji matunzo, anakuuzia maneno.

Betri ya lithiamu haipendi joto, na haipendi kukaa siku nyingi ikiwa imejaa kabisa au tupu kabisa. Kwa nyingi, kuchaji kati ya asilimia 20 na 80 kwa matumizi ya kila siku huongeza umri. Zipo za aina nyingine, zenye chuma na fosfeti, ambazo watengenezaji hushauri zijazwe kabisa mara kwa mara ili kipimo cha chaji kisidanganye, kwa hiyo kitabu cha gari lako ndicho cha kufuata. Egesha kivulini. Pikipiki ikitoka safari ndefu juani, ngoja betri ipoe ndipo uichaji. Gari likikaa mwezi bila kutumika, liache na nusu ya chaji.

Tairi ndizo zinazosahaulika zaidi. Betri ni nzito, mota inavuta kwa nguvu tangu mwanzo, na tairi huisha haraka. Upepo ukipungua unakula pia chaji, hivyo pima angalau mara moja kwa mwezi. Breki ni kinyume chake: mota yenyewe husaidia kupunguza mwendo, pedi zinadumu, lakini sehemu za breki zisizotumika sana hushika kutu na kukwama, hasa masika. Mafuta ya breki hunyonya unyevu na hubadilishwa hata kama hayajapungua. Magari mengi yana maji ya kupozea betri, nayo yana muda wake. Soketi ya kuchajia isiwe na vumbi wala maji, na plagi ikipata moto mkononi, acha kuchaji, tafuta fundi wa umeme aangalie nyaya za nyumba.

Kisha kuna betri ndogo ya volti 12, ambayo kwenye magari mengi bado ni ya risasi. Ndiyo inayoamsha kompyuta na milango. Ikifa, gari lenye betri kubwa iliyojaa halitaamka. Vichwa vyake vinafutwa kutu na kukazwa vilevile kama mwaka 1900.

Edison aliendelea kufanya kazi hadi mwisho. Desemba 1914 moto uliteketeza sehemu kubwa ya viwanda vyake vya West Orange, naye akiwa na miaka 67 akaanza kujenga upya mara moja. Miaka yake ya mwisho aliitumia kutafuta mmea wa kutoa mpira unaoweza kustawi Marekani, akisaidiwa na Ford na Harvey Firestone, mwenye viwanda vya tairi. Alifariki nyumbani kwake West Orange Oktoba 18, 1931, akiwa na miaka 84. Kiwanda cha betri kiliendelea baada yake na kiliuzwa mwaka 1972, betri zikiwa bado zile za chuma na nikeli.

Nyumba yake inatunzwa leo na idara ya hifadhi za taifa ya Marekani. Uani kuna gereji ya zege iliyojengwa mwaka 1908, yenye vifaa vya kuoshea magari, pampu ya petroli na chaja ya magari ya umeme.